Mnazi Mmoja haukuachwa kwa ajili ya kupunga upepo

Wapo wanaosema uwanja wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, uliachwa wazi ili watu wapumzike. Hapana mkuu. Miaka ya 1920 Waingereza waliondoa vibanda pale wapate ukanda wa kutenga Uhindini, mtaa wa Wahindi, na Kariakoo ya Waafrika, kisingizio kikiwa afya. Ukitembea leo kutoka barabara ya Bibi Titi hadi mtaa wa Lumumba, unaukata mpaka wenyewe. Ujanja wao ni kwamba kanuni za ujenzi zilitaja aina ya nyumba, si rangi ya mtu: kanda moja nyumba za Kizungu tu, nyingine ruksa udongo na makuti. Sasa Mwafrika gani angemudu kujenga Uzunguni, kwenye kanda hiyo ya nyumba za Kizungu? Ila Wajerumani ndio waliotangulia kuugawa mji hivyo, tusiwabebeshe Waingereza peke yao.