Kuacha kutafunatafuna mwezi mzima? Inawezekana ila anza na kushiba

Dada'angu umeuliza utawezaje kukaa mwezi mzima bila kula kitu katikati ya milo wakati hapo ofisini muuza maandazi anapita kila saa nne, pole, hiyo mi nimeipitia. Nilianza Jumatatu kwa mbwembwe, chai ya rangi na kipande cha mkate, saa nne na nusu mkono ushazama kwenye kimfuko cha karanga cha jirani yangu na wala sijaomba, aibu yake we acha tu.

Kilichonisaidia ni kushiba asubuhi. Kula mayai mawili au kiporo cha maharage na chapati moja, maana protini na nyuzinyuzi zinakaa tumboni kuliko andazi tupu. Mchana kula saa saba, usisubiri mpaka tisa. Halafu vinywaji, hapo ndo wengi tunajidanganya, soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30 hivi, yani vijiko vya chai kama saba, na bado unasema hujala kitu! Kunywa maji au chai isiyo na sukari.

Hela ya maandazi mi nilikuwa naiacha home, natembea na nauli tu (ukikopa je? muuzaji mwambie mapema asikukopeshe, wa kwangu alicheka sana). Saa kumi jioni ndo pagumu, inuka zunguka kidogo. Ukiteleza siku moja usirudi mwanzo, endelea tu. Ila kama unatumia dawa za kisukari au una mimba ongea na daktari kwanza, usiniige mimi.