Jibu: Kumtembeza mbwa kwenye hifadhi ya msitu na kinamasi

Mkuu, umeuliza kama unaweza kumfungua mbwa mkishaingia msituni, na kama maji ya kinamasi ni salama kwake.

Kamba usiitoe, hasa msimu wa ndege kutaga. Baadhi yao hutaga chini kabisa, kwenye nyasi. Mama akikurupushwa, mayai yanapoa au kunguru anayawahi, hata kama mbwa wako hakugusa kitu.

Maji ndiyo yananitia hofu zaidi. Ukiona utando wa kijani kama rangi iliyomwagika juu ya maji yaliyotuama, mvute mbwa arudi: huenda ni sianobakteria, yaani bakteria wa majini wanaofanana na mwani, na sumu yake inaweza kumuua ndani ya saa chache. Akiwa ameshaingia, msuuze kwa maji safi kabla hajajilamba, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo. Mbebee maji yake ya kunywa. Na kama umempaka dawa ya viroboto juzijuzi, asiogelee kabisa. Fipronili, kiuatilifu kilichomo kwenye baadhi ya dawa hizo, huua wadudu wa majini ambao ndege na samaki wanawategemea.

Kinyesi kiokote hata porini, maana nitrojeni na fosforasi yake huchochea magugu yanayosonga mimea adimu. Mkirudi, mkague kupe masikioni, kwapani na katikati ya vidole.