Shamba la zamani la matufaha: usiamini kipimo cha rutuba peke yake

Mkuu, umeuliza kama kiwanja kilichokuwa shamba la matufaha, miti imeshang'olewa zamani, bado kinaweza kuwa na sumu maana unataka kulima mboga. Ndio kinaweza, na nasema hivo kwa sababu mi mwenyewe nimelima karoti misimu miwili juu ya udongo wa aina hiyo na familia ikala.

Nilipokosea ni hapa: nilipeleka udongo maabara, karatasi ikarudi pH (kiwango cha asidi) nzuri, fosforasi ipo, nikaona niko salama, kumbe kile ni kipimo cha rutuba tu, metali nzito hakizigusi kabisa, lazima uombe mwenyewe risasi (ile metali, lead) na aseniki (arsenic, sumu nyingine) kwa jina. Nilishtuka siku mzee jirani aliponionyesha pipa la kuchanganyia dawa lilipokuwa likikaa, nikachukua udongo pale na kwenye mistari ya miti, majibu yalinikosesha usingizi.

Hiyo dawa ya zamani ni arseneti ya risasi, yaani risasi na aseniki pamoja. Marekani walianza nayo 1892, kisha wakulima wa matufaha wakaipuliza msimu baada ya msimu kuua kiwavi anayetoboa tunda, hadi dawa ya wadudu ya DDT ilipoingia miaka ya 1940, na marufuku rasmi huko imekuja 1988. Sasa DDT yenyewe ni sugu ila inavunjika polepole sana kuwa kemikali nyingine, DDE, lakini risasi ni risasi, hakuna bakteria wa kuila wala jua la kuichoma, imeng'ang'ania udongo wa juu pale pale jembe linapopita. Kwa hiyo hesabu ya miaka tangu miti ing'olewe haikusaidii, we uliza shamba lilipandwa lini.

Halafu kitu kimoja nakuomba sana, usimwage mbolea ya fosfeti eti inafunga risasi. Ni kweli inaifunga, ila fosfeti na arseneti zinafanana kikemia, ikiingia inaisukuma aseniki itoke kwenye chembe za udongo, inashuka na maji au mmea unainywa. Mi nilimwaga kabla sijajua hilo, inaniuma mpaka leo.

Sahivi natumia matuta ya mbao yenye udongo wa kuletwa, chini nimetandika kitambaa. Karoti, viazi na mchicha ndo vya kuogopa zaidi, vingine kwa vumbi na udongo unaoganda juu yake, nyanya na matunda ya juu ya miti hayavuti sana. Watoto wasichezee udongo mtupu, hapo panda majani pafunikwe.

Chukua sampuli sentimita 15 za juu, sehemu nyingi za mistari ya miti uzichanganye, ila ya penye pipa iweke peke yake. Ukipata majibu weka hapa namba za risasi, aseniki na pH tuzisome pamoja.