Kabla hujaandika Sa kwenye ripoti yako

Hii nawaandikia wanaoanza kutumia hadubini ya leza ya konfokali kupima mparuzo wa uso, hasa nyie wanafunzi wa uhandisi wa vifaa na wa maabara za meno, maana naona watu wanabonyeza kitufe cha otomatiki, inatokea picha ya rangi, inapendeza kweli, wanakopi namba ya Sa (wastani wa umbali wa pointi zote za uso kutoka usawa wake wa kati) wanaibandika kwenye ripoti basi. Jamani, ukiniambia Sa ni mikromita 1.4 bila kusema lenzi gani, eneo gani na filta gani, siwezi kuilinganisha na ya kwangu hata nikitaka.

Mi napima zaidi titani ya vipandikizi vya meno, ile inayopigwa punje za alumina halafu inaliwa na asidi. Kwenye fani hii uso wenye Sa kati ya mikromita 1 na 2 unahesabiwa una mparuzo wa wastani, na mfupa unaushika vizuri kuliko uso laini, kwa hiyo ukipotoka nusu mikromita tu ushauhamisha uso kutoka kundi moja kwenda jingine.

Mashine yenyewe inafanya hivi: leza, nyingi ni ya zambarau ya nanomita 405, inaskani uso pointi kwa pointi, na mbele ya kihisio kuna kitundu kidogo sana kinachopitisha mwanga uliotoka pale penye fokasi tu, wa juu na wa chini yake unazuiwa. Fokasi inasogezwa juu kidogo kidogo, na kwa kila pikseli programu inatunza kimo ambacho mwanga ulirudi mkali kuliko vingine vyote. Kitundu hicho ni wazo la Marvin Minsky, aliomba hataza 1957 wakati leza ya kwanza haijawashwa bado.

Sasa lenzi. Usiangalie ukuzaji, angalia NA iliyoandikwa ubavuni, yaani namba inayoonyesha lenzi inakusanya mwanga wa pembe pana kiasi gani. Mwanga ukipiga ukuta wenye mteremko mkali unaruka pembeni, lenzi haiupati. Lenzi ya 10x yenye NA 0.3 inakusanya mwanga ndani ya nyuzi kama 17 kutoka wima, ila ya 50x yenye NA 0.95 inafika karibu nyuzi 72, tofauti kubwa mno. Titani iliyoliwa na asidi imejaa vishimo vyenye kuta kali, ukiipima kwa 10x kuta zinakosa data alafu programu inajaza yenyewe kimya kimya na we unaona uso mzuri laini. Nakusihi, zima huo ujazaji kwanza, uangalie data ghafi, uone ni pikseli ngapi ziko tupu. Zikiwa nyingi badili lenzi, usizifunike.

Shida ya 50x ni kwamba inaona kama robo milimita tu. Ukitaka Ra (kama Sa, ila ya mstari mmoja badala ya eneo) kwa katofu, yaani mpaka unaotenganisha mparuzo na mawimbi makubwa, ya milimita 0.8 unahitaji mstari wa milimita 4, kwa hiyo utaunganisha picha nyingi, hamna njia ya mkato hapo. Na usishangae ikitofautiana na ya mashine ya sindano, ile inayoburuta ncha juu ya uso, kwa sababu ncha yenye nusu kipenyo cha mikromita 2 haifiki chini ya vishimo vyembamba.

Kitu ninachokisisitiza kuliko vyote ni kelele ya mashine. Pima sehemu moja mara mbili bila kugusa chochote, toa uso mmoja kwenye mwingine, chukua Sq ya kilichobaki (ndugu ya Sa, ila vimo vinapigwa mraba, vinatafutiwa wastani, kisha kipeuo cha pili) ugawe kwa kipeuo cha pili cha 2. Hiyo ndo kelele yako, kwa lenzi ile, kwenye meza ile, na kiyoyozi kikiwa kinanguruma. Kama kelele ni nanomita 30 na unataka kutofautisha nyuso mbili zilizopishana nanomita 20, acha tu, tafuta meza ya kuzuia mtikisiko au lenzi nyingine. Inachukua dakika chache na karibu hakuna anayefanya!

Sz nayo, yaani kimo chote cha uso kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, muiogope kidogo. Inabebwa na pointi moja ya juu na moja ya chini, mwiba mmoja wa uongo kwenye ukingo unatosha kuiharibu, kwa hiyo fungua picha ya kawaida pale pale uone kama ni vumbi, ni chuma kweli au ni mwanga tu. Sampuli ioshwe kwa ethanoli, ikaushwe, ishikwe kwa glavu.

Kwenye ripoti andika lenzi na NA yake, ukubwa wa eneo, umbo la jumla la sampuli (mwinamo au mviringo) uliliondoaje, filta ya S (inayoondoa vitu vidogo mno) na ya L (inayoondoa mawimbi makubwa) ni ngapi, na umepima sehemu ngapi. Viwango vya ISO 25178 vimeyaeleza haya, visomeni.

Na wale wa plastiki angavu: leza inapenya, inarudi kutoka juu na kutoka chini pia, programu inaweza kuchagua uso usio sahihi. Tabaka jembamba la dhahabu linasaidia, ila kama sampuli hiyo hiyo inaenda kuoteshewa seli usiipake, chukua nakala ya silikoni kutoka kwenye sampuli pacha ndo uipime.