Usiyang'oe mahindi upande ufuta kabla hujaweka udongo kwenye kopo

Mkuu, weka jembe chini. Salamu tutapeana siku nyingine.

Umeandika kwamba uko Masasi, umepiga atrazini, ile dawa ya kuua magugu, kwenye mahindi kama wiki tatu zilizopita, mvua ikakatika, mahindi yamegoma, na sasa unataka kuyang'oa uweke ufuta kwa sababu muuzaji wa pembejeo kakuambia "hiyo sumu ikifika wiki mbili imeshakwisha ardhini". Waliotangulia kujibu wote wanakwambia "panda tu mkuu, ufuta hauna shida". Waulize kama watakuchangia mbegu.

Haijakwisha. Wala haijakaribia kwisha.

Kwa makadirio yanayotumika sana, atrazini hupungua kwa nusu katika siku 60 hivi. Nimesema hupungua kwa nusu, sijasema huisha. Siku ya 60 imebaki nusu, ya 120 robo, ya 180 bado thumni. Wewe uko wiki ya tatu, kwa hiyo karibu asilimia 80 ya ulichomwaga bado kipo shambani kinakusubiri. Na hizo siku 60 ni za udongo wenye unyevu. Sehemu kubwa ya kazi ya kuivunja sumu hii hufanywa na bakteria na kuvu wa ardhini, na hao bila maji hawafanyi kazi. Umesema mwenyewe mvua ilikatika. Basi hata hizo wiki tatu zako si wiki tatu. Muuzaji anahesabu siku za kalenda, bakteria wanahesabu siku ambazo udongo umelowa.

Najua haya kwa sababu nililipia. Ruangwa, ekari tatu, hadithi yangu na yako ni mapacha. Mahindi mwezi wa kwanza, dawa ya magugu, jua likapiga, mahindi yakajikunja kama yamekasirika. Nikaambiwa muda wa ufuta bado upo. Nikang'oa, nikalima upya kwa trekta la kukodi, nikapanda Lindi 02, mbegu nzuri kabisa. Ikaota yote. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, nakuomba usome taratibu: ufuta uliota vizuri kuliko wa jirani. Nikapiga picha nikamtumia shemeji yangu Dar, nikamwambia andaa hela ya kununua gunia, mwaka huu mnada utanijua.

Atrazini haizuii mbegu kuota. Huingia kwa mizizi, hupanda na maji mpaka kwenye jani, na huko hulizuia jani lisitengeneze chakula kwa mwanga wa jua. Mche mchanga unaishi kwa akiba ya mbegu, kwa hiyo siku za mwanzo unakuwa na afya tele. Akiba ikiisha, jani linatakiwa lijilishe, haliwezi. Majani ya chini yanaanza kuwa njano pembeni, njano inageuka kahawia, pembe zinakauka kama zimepitishwa kwenye moto, halafu mche wote unalala. Jua likiwa kali ndiyo unakufa haraka zaidi.

Mimi kuona njano nikakimbilia duka lilelile. Jamaa hakuuliza nilipanda nini hapo kabla, hakuuliza nilipiga nini, na ni yeye aliyeniuzia! Akasema upungufu wa naitrojeni, chukua urea. Nikaweka urea. Njano ikaongezeka. Nikarudi, akasema kuna mdudu kwenye mizizi, chukua dawa hii. Nikarudi tena, akanipa busta ya majani, chupa ya bei ya mbuzi. Yaani aliyeniuzia ugonjwa ndiye aliyeniuzia tiba, na mimi kila mara nasema asante kaka. Kijijini wakanibandika jina la Bwana Manjano, na mpaka leo kuna watoto hawajui jina langu halisi. Cheka tu, nimeshazoea.

Kilichonifungua macho ni kichuguu. Katikati ya shamba kuna kichuguu kikubwa, na kandokando yake sikupiga dawa kwa sababu hakukuwa na mahindi pale. Ufuta uliopandwa kukizunguka ulikuwa kijani, umefika magotini. Hatua mbili kutoka hapo, makaburi. Nikaanza kuangalia shamba kwa jicho jingine. Waliokufa walikufa kwa mistari, upana wa mpulizo wa bomba, njia ile ile niliyopita nikipulizia. Kwenye vichwa vya mistari, pale unapogeuka huku bomba linaendelea kumwaga na eneo lilelile linapata mara mbili, hapakubaki hata mche mmoja. Na pale nilipokuwa naliweka bomba chini nijaze maji palikuwa na duara tupu, safi kama pamefagiliwa. Mdudu gani wa mizizi anatembea kwa mistari na kugeukia mwisho wa shamba?

Na kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye kipimo. Jamaa aliniambia, na naweka dau kwamba wa kwako amekuambia hivyohivyo, "kwenu huko ni mchanga, mchanga unakunywa dawa, ongeza kifuniko". Ni kinyume kabisa. Udongo wa mfinyanzi na wenye mboji nyingi ndio unaohitaji dawa zaidi, kwa sababu unaishika sumu kama kiganja chenye jasho kinavyoshika unga, na iliyoshikwa haiwahi kufika kwenye mizizi. Mchanga hauna cha kuishikia. Sumu inabaki kwenye maji ya udongo, mmea unakunywa kwa wingi, na inayobaki inashuka chini na mvua. Ni kwa sababu ya kukutwa kwenye maji ya ardhini ndiyo Umoja wa Ulaya ukaikataa atrazini mwaka 2004. Kwenye mchanga wetu wa kusini kipimo kinatakiwa kiwe cha chini, na lebo nyingi zinasema hivyo kwa herufi za kusomea na darubini. Mimi niliongeza kifuniko. Kisha kingine cha bahati nzuri.

Hizo "wiki mbili" zinatoka wapi? Nadhani ni mchanganyiko wa mambo mawili. La kwanza ni glaifoseti, ile ya kuua majani kabla ya kulima. Ile ikigusa udongo inanaswa na madini ya chuma na alumini, haiufikii mzizi kirahisi, ndiyo maana watu hupulizia na kupanda muda mfupi baadaye bila madhara. Basi muuzaji akishazoea hiyo anadhani kila dawa ya magugu ina tabia moja. La pili ni siku za kusubiri kabla ya kuvuna zinazoandikwa kwenye dawa za mboga. Zile zinahusu mabaki kwenye chakula utakachokula, hazina uhusiano na mbegu utakayoifukia ardhini. Muuzaji hawezi kujua tofauti kama hasomi lebo, na akiisoma hauzi.

Kuna mdau hapo juu kasema umwage majivu "kuua asidi ya dawa". Ndugu yangu, tafadhali. Atrazini huvunjika haraka zaidi kwenye udongo mchachu, na udongo ukielekea kwenye magadi ndipo inapodumu. Majivu yanausogeza udongo upande huo mbaya. Mwingine kasema jua litaiunguza. Mwanga huvunja kilichoko juu kabisa, na wewe ukishalima umeshaifukia. Samadi iliyooza vizuri angalau ina mantiki, inashika sumu kiasi na kuwalisha bakteria, lakini si kwa wiki moja na si kwa ekari zako zote labda una zizi la serikali.

Ukiniuliza upande nini msimu huu hapohapo, rudishia mahindi, au weka mtama. Mahindi yana uwezo wa kuigeuza atrazini ndani ya mmea ikawa haina kazi, na mtama nao unavumilia. Ufuta, karanga, kunde, njugu mawe, mbaazi, hapana.

Kama bado moyo unakuvuta kwenye ufuta, kopo. Hili ndilo ninalolirudia kwa kila mtu mpaka wananikimbia vilabuni: usipande kitu kwenye ardhi iliyopigwa dawa ya magugu mpaka kopo likuambie. Chukua udongo wa shamba kutoka sehemu nyingi, usichote mahali pamoja, kuanzia juu mpaka kina cha kiganja na zaidi kidogo. Hakikisha umegusa vichwa vya mistari, maana huko ndiko kuna balaa. Changanya, jaza makopo mawili matatu ya rangi au chupa zilizokatwa, toboa chini. Kisha chukua udongo wa aina ileile mahali ambapo dawa haijawahi kufika, jaza makopo mengine. Panda ufuta uleule unaotaka kuupeleka shambani. Mwagilia sawa, kwa kikombe, usitumie bomba ulilopulizia dawa. Weka juani, tena jua lenyewe. Ukiweka kibarazani kivulini sumu hii haionyeshi makali yake, utapata majibu ya uongo, utafurahi, na utanitukana mwezi wa nne.

Halafu subiri mpaka miche iwe na majani halisi kadhaa, wiki tatu hivi. Kuota hakuhesabiki, nimeshasema. Angalia majani ya chini, pembeni mwake, ukilinganisha kopo kwa kopo. Njano ikiwa kwenye makopo ya shamba tu, funga mbegu yako, weka darini. Makopo yote yakiwa kijani, panda, na usinikumbuke. Najua wiki tatu zinaweza kukupitisha muda wa kupanda ufuta, mvua za kwetu hazisubiri mtu. Ndiyo maana nimekuambia mtama.

Kopo la udongo safi nalo likigoma, basi mbegu ndiyo mbovu. Hiyo ni kesi nyingine, na bila shaka ni duka lilelile. Rudi na kopo mkononi.