Kiboko wa Mpingo Mlangoni mwa Friji

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni pambo gani dogo nyumbani ambalo msomaji hangekubali liondolewe, na kwa sababu gani. Langu limo mlangoni mwa friji, hapa Mikindani, miongoni mwa sumaku nne, na tatu kati ya hizo zinaonyesha mahali ambapo sijawahi kufika.

Ya kwanza ni twiga mbele ya Kilimanjaro na ya pili ni nyumbu wakivuka Mto Mara. Zote mbili zilinunuliwa Dar es Salaam. Ya tatu aliniletea mpwa wangu kutoka Alaska: dubu wa kahawia amesimama juu ya maporomoko ya Brooks, kinywa wazi, akimngoja samaki aina ya samoni anayeruka kuupanda mto ili akatage mayai. Hiyo ndiyo inayoshika risiti za LUKU, na ndiyo inayozungumzwa zaidi na wageni, maana mvuvi wa huku akimwona samaki anayejipeleka mwenyewe kinywani mwa mnyama husahau hata chai yake.

Sumaku hizo tatu ni za aina moja, yaani picha iliyobandikwa juu ya kipande cheusi kinachopindika, ambacho ni unga wa sumaku uliochanganywa na plastiki. Ukiziweka mbili mgongo kwa mgongo na kuzisuguanisha, utazisikia zikirukaruka vidoleni kama gari linalopita kwenye matuta, kwa sababu ncha zake za kaskazini na kusini zimepangwa kwa mistari myembamba inayopishana. Ukizigeuza uelekeo, zinateleza kimya. Wajukuu hawauchoki mchezo huo, wala mimi. Hata hivyo nguvu yake ni ya kushika karatasi tu, jambo nililojifunza kwa sumaku ya nne, ambayo ndiyo jibu langu.

Kwa muda mrefu nilitafuta sumaku yenye picha ya Ruvuma, mto unaoanzia milima ya Matogoro karibu na Songea ukaja kuingia baharini huku kwetu, wenye viboko na mamba wa kutosha kupamba friji za mkoa mzima. Sikuipata, wauza mapambo wamezoea mlima na mbuga za kaskazini. Hatimaye jirani yangu, fundi wa vinyago, alinichongea kichwa cha kiboko kwa mpingo, masikio yamesimama na pua imechomoza kama anayechungulia kutoka majini, tukakigundisha kwenye kipande cha sumaku laini. Lakini mpingo ni mti mzito, unaozama majini, na kila asubuhi tulimkuta kiboko amefika karibu na sakafu, kana kwamba ameteremka usiku kwenda malishoni, kama walivyo viboko wenyewe.

Fundi akaleta redio mbovu, akaifungua spika na kutoa ile sumaku ya duara iliyo ngumu kama jiwe. Tangu siku hiyo kiboko hajasogea. Rangi ya mlango imekwaruzika, na kwa hewa ya chumvi ya pwani kutu imekwisha kuingia pale pale, jambo ambalo mke wangu hulitaja kila anapochukua maji ya baridi. Fundi sasa anataka kuchonga mamba. Tunangoja redio nyingine iharibike.