Ghairi hiyo springi kwanza

Mkuu, ghairi oda ya springi kabla haijatoka dukani. Umesema BSA Meteor ya baba mkwe wako, ile bunduki ya upepo ya kukunja mtutu, inapiga kinyonge, unajiuliza uitengeneze au ununue mpya, na kuna mtu kakwambia dawa ni springi kali zaidi. Na mimi niliuziwa maneno hayohayo, tena na muuzaji aliyeishika bunduki mkononi na hata hakuukunja mtutu kuangalia.

Springi haisukumi risasi! Inasukuma pistoni, pistoni inabana hewa, hewa ndiyo inayoitoa risasi. Hewa ikipata upenyo, pistoni inakosa kitu cha kuipunguza mwendo, inakwenda kujibamiza mwisho wa silinda. Sasa weka springi kali hapo. Yangu ilikuwa inapiga teke kama punda. Washa ya pistoni, kile kizibo kinachozuia hewa isivuje, ikachanika, darubini ikaharibika, kitako kikapasuka pale skrubu zinapoingia. Kitako cha mbao nzuri, kilichotunzwa miaka yote, kimekwenda kwa sababu mtu alitaka kuuza springi. Na risasi bado zilitoka kinyonge vilevile.

Ugonjwa ulikuwa raba ya mtutu, kile kiduara kilichopo pale mtutu unapokunjika. Kilikuwa kimekauka, ukikigusa kwa kucha kinamomonyoka. Bei yake ni ya kutupa.

Pima hivi: weka risasi (usifyatue tupu kamwe), elekeza mahali salama, laza kipande cha karatasi ya chooni juu ya kile kiungio, fyatua. Karatasi ikiruka, badilisha raba. Isiporuka, shuku washa ya pistoni, na hapo mpelekee fundi mwenye kibanio cha springi, maana springi imebanwa hata bunduki ikiwa haijakokiwa. Ukiifungua kienyeji inaweza kukurukia usoni. Wala usimwage mafuta ya injini kwenye silinda. Hewa ikibanwa inapata joto la kuyawasha, utasikia mshindo na kuona moshi.

Halafu kuna sheria. Hapa England kikomo cha nguvu ya risasi ya bunduki ya upepo inapotoka mtutuni ni futi-pauni 12. Siku utakayoziba uvujaji huku springi kali imo ndani, unaweza kukipita, na hapo unamiliki silaha inayotaka cheti cha polisi. Scotland ndiyo kabisa, tangu mwisho wa 2016 hata ya kawaida inahitaji cheti.

Fanya jaribio la karatasi leo, uje utuambie imeruka au haikuruka.